Donge Hili ni Langu

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua nikikupigia simu hutapokea, maana sijawahi kukuona ukipokea simu ya mtu yeyote tangu nipate akili, kwa hiyo nimeshika kalamu. Ukikuta makosa, tafadhali usinirudishie barua yangu ina wino mwekundu kama mara ile. Si wote tunaoshinda nje ya mahakama tukiwapigia watu chapa malalamiko yao. Wengine tunasoma mita za maji. Jumatatu hadi Ijumaa nachungulia mita uani kwa watu, Jumamosi napuliza kipenga uwanjani. Siku sita natukanwa, ya saba nafua.

Habari yenyewe ni hii: nimeota donge shingoni. Liko katikati kabisa, chini ya kidevu, juu kidogo ya kongomeo. Mwaka jana lilikuwa kama kunde, sasa ni kama ndimu. Haliumi. Nikimeza mate linapanda, nikitoa ulimi linapanda. Watoto wa jirani wameshaligeuza mchezo, kila nikipita wanasema, “Dada, litembeze!”

Nilikuwa silijali. Ila wiki mbili zilizopita, katikati ya mechi, shabiki mmoja alipaza sauti: “Refa amemeza kipenga!” Uwanja mzima ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka, ungefanyaje? Jumatatu yake Katibu wa chama cha marefa akaniita ofisini. Akaniambia fainali ya kombe ni tarehe 30 Machi na jina langu liko juu kabisa kwenye orodha. Shangazi, hakuna mwanamke aliyewahi kuchezesha fainali ile. Halafu akasema, “Lakini hilo donge, mwanangu. Watu watatazama shingo badala ya mpira. Litoe kwanza.”

Basi nimekwenda hospitali. Daktari wa upasuaji, mtu mzima, mpole, mikono safi, amelibonyeza kwa vidole viwili, akaniambia nitoe ulimi, akaandika. Hata dakika tatu hazikuisha. Anasema ni kifuko cha maji ambacho mtu huzaliwa nacho, kwamba ametoa zaidi ya mia mbili, na kwamba nitalala siku mbili tu. Nimepangiwa tarehe 3 Machi. Mwezi mmoja wa kupona, kisha fainali. Hesabu imekaa vizuri, au sivyo?

Niombee.

Wako,
Kipenga


11 Februari

Mwanangu Kipenga,

Marahaba. Barua imefika.

Usikatwe. Nenda kamwambie huyo daktari umeahirisha. Sababu nitakueleza siku tukionana uso kwa uso. Mimi ndiye dada wa baba yako, na unajua si mtu wa kusema ovyo. Fainali zipo kila mwaka.

Nimesema.

Shangazi yako


17 Februari

Shangazi,

Shikamoo.

Nimesoma mistari yako mara tatu nikitafuta sababu, sikuiona. “Nimesema.” Basi na mimi naomba niseme.

Nina miaka thelathini na mmoja. Nimetoa kadi nyekundu kwa wanaume wanaonizidi kimo kwa futi nzima. Nimefukuzwa na mbwa kwenye nyua za watu na kesho yake nikarudi kusoma mita ileile. Sitaki kuambiwa “usifanye” kama vile nimeshika kijiti cha kiberiti. Kama ni mambo ya kizamani ya kuogopa kisu, sema. Kama kuna mtu amekwambia donge likikatwa linaenda kuota kwa mwingine, sema, tucheke pamoja. Lakini usinifiche jambo halafu uniagize nitii.

Unajua marefa wenzangu wananiitaje sasa? Wananiambia “Tezi.” Mmoja akauliza mbele ya watu kama ni tezi dume. Watu wazima, Shangazi! Nikikatwa, maneno yataisha. Nikichezesha fainali, yatakwisha kabisa.

Fomu nimeshaitia sahihi. Mama anasema wewe siku zote ulikuwa mgumu, na kwamba baba tu ndiye aliyekuelewa. Sasa baba hayupo. Mimi nakuheshimu, lakini tarehe 3 nakatwa.

Kipenga


22 Februari

Mwanangu,

Leo nimefanya jambo ambalo sijalifanya kwa miaka mingi. Nimemwomba karani wa mahakama simu yake nikakupigia. Ukapokea. Nikasema, “Kipenga.” Ukajibu, “Mzee, umekosea namba,” ukakata. Nikapiga tena. Ukasema, “Babu, nimekwambia umekosea,” ukakata. Karani alikuwa karibu, alisikia, akageuka pembeni asinione.

Sasa unajua kwa nini sipokei simu. Tukionana unaniona uso, kwa hiyo masikio yako yananisamehe. Kwenye simu mimi ni babu wa watu.

Uliniuliza sababu. Haya, kaa chini.

Nilipokuwa na miaka ishirini na miwili nilikuwa na donge mahali hapohapo. Katikati, linapanda nikimeza. Nilikuwa nimeposwa. Mama mkwe mtarajiwa alilitazama kama mtu anayekagua nyanya sokoni. Nyumbani wakasema litolewe kabla ya harusi. Mimi sikutaka. Nilikuwa na swali moja tu: hili ni nini? Hakuna aliyenijibu. Wakanijibu wasichoulizwa: hutasikia maumivu, kovu litakuwa dogo, utapendeza. Nikakatwa. Kovu kweli ni dogo. Ndiyo maana ninyi watoto hamkuwahi kuliuliza.

Mwezi wa tatu baada ya harusi nikaanza kusikia baridi. Watu wako juani wanajipepea, mimi nimejifunga sweta. Nikanenepa ilhali sili. Uso ukavimba, nywele zikabaki kwenye kitana, choo kikawa cha kuhesabia wiki. Nilikuwa mpiga chapa wa maneno sitini kwa dakika. Nikafika mahali natafuta herufi A kana kwamba imehama. Sauti ikashuka chini na haikupanda tena. Nikapoteza mimba, nikapoteza na ya pili. Nikawa nalala nikiamka nimechoka kuliko nilivyolala. Wifi yangu, dada wa mume wangu, akanipa jina: Gogo. “Gogo limeamka?” “Gogo halijapika?” Hata watoto wa nyumba ile waliniita hivyo. Nikaambiwa nimerogwa, nikapelekwa kuzinguliwa kwa waganga kwa zamu. Mwaka wa pili mume wangu alinirudisha kwetu na sanduku langu, akasema alioa mwanamke, hakuoa mzigo.

Ni mama mmoja daktari, mzee, aliyekuwa anakaribia kustaafu, ndiye aliyenitazama usoni nikiwa bado nimesimama mlangoni. Akanigonga kisigino kwa kinyundo chake, mguu ukaruka ukachelewa kurudi, akatikisa kichwa. Akapima damu. Akaniambia: “Binti yangu, walichokutoa hakikuwa kifuko cha maji. Ilikuwa tezi yako ya shingo.”

Akanieleza, na mimi nakueleza alivyonieleza. Hii tezi inayouendesha mwili, inayotupa joto na nguvu, haiumbwi pale shingoni tunapoijua. Mtoto akiwa tumboni inaanzia nyuma kabisa, kwenye shina la ulimi, kisha inateremka polepole mpaka inafika chini ya kongomeo. Kwa watu wachache inachoka njiani na kukaa ilipochokea. Yangu ilikaa juu. Mtu akiiona anadhani ni uvimbe. Na mara nyingi mtu wa namna hiyo hana nyingine. Ndiyo hiyohiyo, na yangu waliitupa kwenye ndoo.

Tangu siku ile nameza kidonge kila asubuhi. Vile vidonge ulivyodhani ni vya presha. Nikiviacha wiki chache, Gogo anarudi.

Sisemi na lako ni hilo. Huenda kweli ni kifuko cha maji, na kama ni hicho, kitolewe, hakuna ubaya. Sisemi kisu ni kibaya. Nasema kisu hakiulizi. Wewe uliza. Muulize maneno haya, usibadilishe hata moja: “Je, nina tezi nyingine mahali pake? Nionyeshe kwa picha kabla hujanigusa.” Kuna kipimo cha altrasaundi, hakiumi, ni kama kupakwa mafuta. Asipokuonyesha, usilale kwenye kitanda chake.

Nimeipeleka barua hii posta kwa njia ya haraka. Ikichelewa sitajisamehe.

Shangazi yako


4 Machi

Shangazi wangu,

Shikamoo. Shikamoo tena kwa ile simu. Nimelia kwa ajili ya ile simu kuliko yote mengine. Nisamehe. Ukinipigia leo nitaijua sauti yako hata kwenye kishindo cha goli.

Barua yako ilifika jana saa moja asubuhi. Jana ndiyo ilikuwa tarehe 3. Mama aliiona imesukumwa chini ya mlango, akaja nayo hospitali bila kujua ndani kuna nini. Nilikuwa nimeshavaa lile gauni la kijani ambalo nyuma liko wazi, nimelala kwenye kitanda cha magurudumu, nesi ananitafuta mshipa. Nikamwambia anisubiri nisome. Akasema, “Utasoma ukiamka.” Nikasema, “Hapana. Nasoma sasa.”

Nilisoma nusu nikaketi. Nikasoma iliyobaki nikashuka kitandani.

Daktari akaja na kofia kichwani. Nakuandikia jinsi tulivyosema, maana nimeyashika.

Akasema, “Kuna tatizo gani?”

Nikasema, “Je, nina tezi nyingine mahali pake? Nionyeshe kwa picha kabla hujanigusa.”

Akatabasamu. “Nani kakwambia mambo ya tezi?”

“Mtu aliyekatwa yake.”

“Dada, nimetoa mia mbili kama hizi.”

“Na hao mia mbili wote uliwapiga picha kwanza?”

Akaniambia mashine ya altrasaundi ina foleni, kwamba chumba cha upasuaji kimeshaandaliwa, kwamba nikitoka leo nafasi nyingine ni mwezi wa tano. Nesi naye akanong'ona, “Dada yangu, usimkasirishe daktari.” Mama akanivuta mkono: “Na fainali yako?”

Shangazi, nilitaka kulala tena. Nakuapia. Nilikuwa na baridi, matako wazi, watu wanne wananitazama, na fainali mbele ya macho yangu. Lakini nimezoea kusimama katikati ya watu wanaonipigia kelele nikiwa nimeshaamua. Nikasema, “Daktari, donge hili ni langu. Halitoki mpaka nijue jina lake.” Nikavaa suruali yangu hapohapo juu ya gauni lao.

Akavua kofia yake. Mwisho akachukua faili, akaandika ombi la kipimo, akanipa. Hakunitupia. Alinipa. Hilo nalisema kwa haki.

Picha ni tarehe 15. Naogopa sasa kuliko nilipokuwa kitandani.

Kipenga


9 Machi

Mwanangu,

Nimesoma barua yako kwenye meza yangu mbele ya wateja. Nilipofika kwenye suruali juu ya gauni nilicheka mpaka mzee aliyeleta kesi ya uzio akaniuliza kama malalamiko yake yanachekesha.

Kisha nikawaza ingekuwaje kama usingalishuka, na kicheko kikanikauka.

Mwambie mama yako asikushike mkono siku nyingine kama hana la kusema. La, usimwambie hivyo. Mwambie nawasalimu.

Majibu yakitoka, niandikie siku hiyohiyo, hata kama ni mstari mmoja.

Shangazi yako


23 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mstari mmoja ndio huu: mahali pake hapana kitu.

Yule binti wa picha alinipaka mafuta, akapitisha kile chombo juu ya donge, kisha chini ya kongomeo, kushoto, kulia, akarudi tena, akaita mwenzake. Nikauliza, “Mnatafuta nini?” Akasema, “Tezi yako.” Nikasema, “Mmeipata?” Akagusa donge kwa kidole. “Iko hapa tu.”

Walinituma hospitali nyingine kwa picha ya pili, ile ya kudungwa dawa inayoifuata tezi popote ilipo. Kwenye picha mwili wangu wote ni giza, na shingoni juu kuna doa moja linawaka. Damu imeonyesha kwamba inajitahidi lakini haitoshi, ndiyo maana imevimba. Imekuwa ikifanya kazi ya watu wawili ikiwa nusu mtu. Daktari wa huko akaniuliza kama huwa nasikia baridi, kama nachoka. Nikasema mimi ni refa na msoma mita, nitaachaje kuchoka? Kumbe ule uchovu haukuwa wa kazi.

Yule wa upasuaji aliziweka picha zote mbili kwenye taa. Kisha akasema neno moja: “Ningekukata.” Akaniomba nakala ya barua yako, nikasema nitakuuliza kwanza. Utampa?

Hakuna kukatwa. Nimeanzishiwa kidonge, kilekile chako. Wanasema kitaipunguzia mzigo na donge litasinyaa kiasi, labda lisiishe. Watanipima kila baada ya miezi michache. Likinibana koo au likikua haraka, tutazungumza upya.

Sasa mabaya. Nilimpelekea Katibu cheti. Akakisoma, akakikunja, akasema, “Kwa hiyo litakuwepo?” Nikasema litakuwepo. Fainali amepewa mwingine. Nililia? Nililia, tena chooni, kama mtoto wa shule.

Na kuna jambo jingine, Shangazi. Nimemuuliza mama nani aliyekusukuma ukatwe. Amesema ni baba. Kwamba ni yeye aliyetia sahihi. Mbona uliniandikia “nyumbani wakasema”? Wakasema akina nani? Miaka yote nimemlilia mtu huyu. Sasa nikitazama picha yake ukutani naigeuza.

Kipenga


30 Machi

Mwanangu,

Irudishe picha ya baba yako ilivyokuwa. Uirudishe kabla hujamaliza kusoma mstari huu.

Ndiyo, kaka yangu alitia sahihi. Alikuwa na miaka ishirini na sita, baba yetu amekufa, anataka dada yake aolewe apendeze. Alimwamini mtu mwenye koti jeupe kama tulivyofundishwa wote. Hakujua. Tofauti yake na wengine ni kwamba aliporudishiwa Gogo na sanduku lake, hakuniita Gogo. Alinichotea maji miaka miwili. Alinipikia uji na akanichana hizo nywele tatu zilizobaki. Ndiye aliyenibeba mgongoni, mwanamke mzima mwenye uzito wangu ule, mpaka kwa yule mama daktari. Tulipoambiwa ukweli alitoka nje, na nilimsikia anatapika.

Hatukulizungumza tena mpaka anakufa. Mimi nilinyamaza ili asiumie, na yeye alinyamaza kwa sababu aliumia. Na kunyamaza kwetu kungekutoa wewe roho ya shingo. Hilo ndilo kosa langu, si lake, na nimechoka kulibeba.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Nimepiga chapa karatasi kwa herufi kubwa nikaibandika mbele ya meza yangu, palipokuwa na bei za kupigisha chapa:

NILIKATWA TEZI PEKEE NILIYOKUWA NAYO WAKIDHANI NI UVIMBE. UKIWA NA DONGE SHINGONI NIULIZE KABLA YA KUKATWA. SIJUI KUTIBU. NAJUA KUULIZA.

Msajili wa mahakama alitoka akasema hapa si zahanati. Nikamjibu mimi pia si daktari, lakini niko kwenye kibaraza hiki kabla yake, na nitakuwepo atakapohamishwa. Karatasi ipo.

Daktari wako mpe nakala. Jina langu usilifute.

Na hapa ndani nimekuwekea barua ya kwenda kwa Katibu na kamati yake, nimeshaipiga chapa, nawe utie sahihi tu. Inauliza jambo moja: ni kanuni gani inayosema refa awe na shingo ya namna gani.

Shangazi yako


20 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Picha ya baba iko sawa. Nimeipangusa vumbi.

Barua yako niliisoma mwenyewe mbele ya kamati, nimesimama. Watu saba, chupa saba za maji. Nilipomaliza, Katibu akasema, “Hii ni lugha ya mahakamani.” Nikasema, “Ndiko ilikopigwa chapa.” Akasema hakuna aliyenikataza kuchezesha, ila ningeweza kwa mfano kufunga skafu. Nikamuuliza kama wachezaji wenye makovu nao wanafunga skafu. Mzee mmoja wa kamati, ambaye hajawahi kunisalimia, akakohoa akasema, “Fungua kitabu cha kanuni, tuone.” Wakafungua. Wakapekua. Shingo haimo.

Fainali imekwishapita, hairudi. Siwezi kukudanganya kwamba haiumi. Lakini Jumamosi iliyopita nilipewa mechi ya ligi, timu ya nyumbani inapigana isishuke daraja, uwanja umejaa mpaka juu ya ukuta. Nilitoka na jezi yangu ya kawaida, kola wazi. Walianza kabla sijafika katikati: “Tezi! Tezi! Tezi!” Wanapiga makofi kwa mdundo.

Zamani ningeinamisha kidevu. Safari hii nilisimama kwenye duara la kati, nikainua shingo, nikawageukia upande mmoja, kisha upande wa pili, wote waione vizuri. Kelele zikapungua. Watu hawajui wafanye nini na mtu asiyejificha.

Halafu, Shangazi, nikakimbia! Nimemeza kidonge wiki nane sasa. Sikujua kwamba watu wengine wanaishi hivi, wanaamka wameamka. Dakika ya themanini na tisa nilikuwa hatua tatu kutoka kwenye mpira, sijahema, nikaona beki wa nyumbani ameushika kwa mkono. Nikawapa wageni penalti. Sasa nikatukanwa matusi ya kawaida, ya refa. Mama yangu akatajwa, miwani ikatajwa, shingo hakuna aliyeikumbuka. Nilifurahi kama niliyeimbiwa.

Donge limepungua. Sasa ni kama nusu ndimu. Lipo.

Kipenga


8 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nakuandikia haraka, ila hili lazima ulisikie kwangu.

Wiki tatu zilizopita, kabla ya adhuhuri, napiga chapa hati ya mirathi, nikaona kivuli cha mtu amesimama muda mrefu mbele ya karatasi yangu. Anasoma. Anamaliza, anaanza tena. Nikainua macho. Alikuwa wifi yangu. Yule wa Gogo. Amezeeka, magoti yamemwisha, amemshika mkono mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na miwili, na msichana ana donge katikati ya shingo.

Akasema, “Wifi.”

Nikasema, “Nilikuwa. Kaa.”

Akakaa. Akaanza kunieleza habari za mtoto, hospitali, tarehe ya kukatwa. Nikamwambia, “Za mtoto baadaye. Kwanza utasikia zangu.” Nikamtuma msichana akatazame vitabu vya yule muuzaji wa jirani. Nikamsimulia yote, baridi, nywele, mimba mbili, kila asubuhi ya “Gogo limeamka?” Sikupandisha sauti, na hii yangu ningeipandisha kwenda wapi? Alitazama miguu yake. Alipotaka kusema “sikujua,” nikamwambia, “Najua hukujua. Hukuuliza pia.”

Kisha nikafunga mashine yangu, nikamwita msichana, tukaenda.

Daktari ni kijana. Nikamuuliza maneno yetu yaleyale. Akatazama juu. “Na wewe, mama, ni nani kwa mtoto huyu?” Nikasema, “Mimi ndiye ninayeuliza.” Kijana akacheka, lakini akaandika ombi la picha.

Sasa sikia. Tezi ya msichana ipo. Iko chini ya kongomeo mahali pake, mabawa mawili, safi, nimeonyeshwa kwa macho yangu. Donge lake ni kifuko cha maji kweli. Amekatwa Alhamisi iliyopita, na jana nilimkuta kitandani anagombana na nesi kwa sababu hataki uji. Nilikaa pale nikamtazama anavyogomba kwa sauti nyembamba, kali, ya mtoto. Niliondoka sijaaga, maana machozi yalikuwa yananilengalenga.

Wifi alikuja tena mezani kwangu. Akasema asante, nikaipokea. Akasema nimsamehe. Nikamwambia hilo bado. Limelala ndani yangu miaka thelathini na mmoja, haliwezi kuamshwa kwa siku moja kwa sababu yeye leo ana haraka. Nikamwambia kama anataka, aje Jumatatu, na Jumatatu nyingine, akae hapa kwenye benchi, tuone. Nilidhani hatakuja. Amekuja. Alinishikia karatasi zisipeperushwe na upepo.

Naishia hapa, mwanangu, kuna watu watatu wananisubiri. Wawili wana kesi za mipaka. Wa tatu ameshika shingo.

Shangazi yako